Pudini ya mkate ya sikukuu: kwa nini inatoa maji chini

Mleta mada, pole. Umesema pudini yako ya mkate iliungua juu, halafu ulipochota ukakuta maji chini na chembechembe za yai, na mlo wa sikukuu ni wiki ijayo. Hayo maji hayamaanishi kwamba haikuiva. Imeiva kupita kiasi. Mimi nilihangaika na tatizo hili miaka kadhaa: nikiona maji naongeza dakika, na kadiri ninavyoongeza ndivyo maji yanavyozidi.

Mayai yaliyochanganywa na maziwa na sukari huanza kushikana kwenye nyuzi joto 80 hivi. Ukiyapitisha sana hapo yanajikaza, yanakatika, na yanakamua maziwa yote yaliyokuwa yameshikwa ndani. Ndiyo maana sikubaliani na mchangiaji aliyekushauri uongeze mayai 2. Utapata pudini ngumu yenye harufu ya yai, na maji yatabaki palepale. Tatizo lako ni moto.

Kwa watu 8 hivi natumia mkate gramu 400, maziwa mililita 750, mayai makubwa 4, sukari gramu 100, siagi gramu 50, zabibu kavu konzi moja, mdalasini kijiko kidogo, kungumanga ya kukwaruza na chumvi kidogo sana.

Mkate uwe umelala siku 2. Kama unao mlaini tu, ukate vipande, vitandaze kwenye treya na uviweke ovenini kwa nyuzi 120 kama dakika 15, vikauke bila kubadilika rangi. Mkate mkavu unanyonya maziwa na kubaki na umbo lake. Mlaini unageuka uji. Ukishakauka upake siagi, upange kwenye chombo, na zabibu zote zifiche katikati ya vipande. Zinazobaki juu huungua na kuwa chungu.

Maziwa yapashe yawe vuguvugu tu, uyamimine kidogo kidogo kwenye mayai yaliyokorogwa na sukari, viungo na chumvi. Usiyapige mpaka yatoe povu. Chuja, mimina juu ya mkate, gandamiza kwa mgongo wa kijiko. Nusu saa inatosha, lakini mimi huilaza usiku kucha kwenye friji, na tofauti naiona: kipande kinakuwa kimelowa mpaka moyoni.

Kama chombo chako ni cha kioo, tafadhali usikitoe kwenye friji na kukiingiza ovenini papo hapo. Changu kilipasuka hivyo pudini ikiwa ndani, saa moja kabla wageni hawajafika, na hakuna kilichookolewa. Kiache mezani mpaka ubaridi uishe.

Sasa hapa ndipo penye kazi. Weka chombo ndani ya treya kubwa zaidi, mimina maji ya moto kwenye treya yafike nusu ya kimo cha chombo. Maji hayawezi kupita nyuzi 100 hata oveni iwe kali namna gani, kwa hiyo pembeni na chini hapaungui wakati katikati panasubiri zamu yake. Oveni iwe nyuzi 160, yenye feni 140. Anza kuangalia dakika ya 45. Yangu huchukua karibu saa nzima. Juu pakiwahi kubadilika rangi, funika na foili.

Tikisa chombo kidogo. Pembeni pawe pameshika, katikati patetemeke kama jeli. Najua moyo utakuambia bado. Itoe, na uitoe kwenye maji pia, kwa maana joto lililo ndani litaendelea kuivisha. Iache dakika 20, ndipo uikate ikiwa bado ya moto.

Kwa muda wa sikukuu, iingize ovenini nyama inapotoka, nyama ipumzike na watu wale taratibu. Oveni ikiwa haina nafasi, ioke asubuhi, kisha uipashe ikiwa imefunikwa na foili, nyuzi 150, dakika 20 hivi. Siku 2 kabla, jaribu nusu ya kipimo kwenye chombo kidogo, na uanze kuitikisa mapema, dakika ya 30. Ukiona bado inatoa maji, rudi hapa utuambie oveni yako ni ya aina gani na uliiweka ngazi ipi.