Kabla ya Kutiwa Kiraka Jichoni, Ipange Safari ya Kurudi Lamu

Mimi ni mchonga milango hapa Lamu, na jicho langu la kulia lilianza kunidanganya kazini: mistari ya nakshi niliyoipiga kwa rula ilionekana imepinda katikati. Kumbe retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, ilikuwa imetoboka katikati. Vitundu vingi vya namna hiyo huziba kwa upasuaji wa kwanza. Changu hakikuziba, ndipo daktari wa Nairobi aliponieleza habari za kiraka.

Kiraka hicho hukatwa kutoka utando wa ndani wa ile chupa inayovunjika mwanamke anapojifungua, ambao mzazi huridhia kuutoa, aghalabu anapozaa kwa upasuaji. Stanislao Rizzo na wenzake wa Italia waliieleza njia hii katika jarida la kitabibu mwaka 2019, kwa vitundu vilivyokataa kuziba na kwa mipasuko ya retina iliyobanduka. Daktari huondoa kwanza ute wa jicho, kisha kwa koleo jembamba mno hukipenyeza kipande hicho chini ya kingo za kitundu, bila kukishona, na mwisho hulijaza jicho gesi.

Gesi ndiyo iliyonitaabisha kuliko kisu. Nilitakiwa kukaa na kulala kifudifudi siku kadhaa, hata mke wangu akasema hajapata kuniona nikisujudu muda mrefu namna ile. Tena nilikuwa nimekwisha kununua tiketi ya ndege ya kurudi Manda, uliko uwanja wa ndege wa Lamu, na hakuna aliyenionya mpaka muuguzi alipoiona: ndege ikipaa gesi hutanuka, shinikizo la jicho hupanda, na mtu anaweza kupofuka. Nilirudi kwa treni hadi Mombasa, kwa basi hadi Mokowe, kisha kwa boti.

Kwa hiyo uliza mapema utatiwa gesi ipi, kwa kuwa ipo inayokwisha kwa takriban wiki 2 na ipo inayokaa hata wiki 8. Na kabla haijaisha, usikubali kupewa dawa ya usingizi popote bila kumwarifu daktari kwamba jichoni mna gesi, maana gesi nyingine za usingizi huitanusha.

Leo mstari wa rula nauona umenyooka, ila katikati pana ukungu kidogo, na nakshi ndogondogo nazichonga kwa kulitegemea jicho la kushoto.