Maswali na Majibu: Ulisimama Upande Gani wa Barabara?

Maswali ya safari hii karibu yote ni ya nauli za apu za kuita magari jijini Dar es Salaam. Yale ya "mbona nauli zimepanda?" yasiyosema umetoka wapi, umekwenda wapi na saa ngapi nimeyaweka kando. Hayajibiki.

Jirani yangu anakwenda Posta kila asubuhi kwa nauli ndogo kuliko yangu, tofauti inafika hadi 2,000. Apu ni moja na mtaa ni mmoja. Yeye ana simu ya kawaida, mimi ninayo ya bei mbaya. Je, apu inaangalia aina ya simu? (Msomaji, Kimara Baruti)

Acha simu, niambie unaposimama.

Barabara ya Morogoro katikati ina njia ya mwendokasi. Gari la kawaida haliwezi kukata popote linapotaka, lazima lifike makutano ndipo ligeuze. Wewe ukitoka mtaani unasimama upande wa magari yanayotoka mjini, unafungua apu, unaita. Njia inaanza kuhesabiwa pale ilipo pini yako, ile alama ya kupandia kwenye ramani, na kwa upande huo gari linaanza safari likiwa limeupa mji mgongo. Litaenda hadi pa kugeuzia, lisubiri taa, lirudi, lipite mbele ya pale pale ulipopandia, na kuanzia hapo ndipo safari ya Posta inaanza. Jirani yako anavuka kwa miguu kwanza, halafu ndiyo anaita.

Tuweke namba za mfano: shilingi 700 kwa kilometa na 100 kwa dakika. Mzunguko wa kilometa 1.6 ni 1,120. Dakika sita za taa na foleni ni 600. Jumla 1,720 umelipia kurudi ulipokuwa.

Kwa hiyo kila safari: vuka kwanza, ita baadaye. Kisha vuta ramani kwa vidole viwili mpaka uone mistari miwili ya barabara, na usogeze pini kwa mkono hadi mstari wa upande ulipo. Usiiachie GPS, maana ukiwa chini ya bati au kando ya ghorofa inaweza kukuweka hata mtaa wa nyuma. Jambo hili ni lile lile Barabara ya Bagamoyo, Mandela na Nyerere, popote penye ukuta au bustani katikati.

Hiyo habari ya simu ina ndugu yake wa betri. Mwaka 2016 mtafiti wa Uber alisema wateja ambao betri inakaribia kuisha hukubali bei ya juu kwa urahisi, akaongeza kwamba kampuni haitumii taarifa hiyo kupanga nauli. Chaji simu yako kabla hujatoka kazini ili uwe na muda wa kusubiri bei ishuke.

Naomba promo kodi. (Wasomaji kumi na kitu)

Sina hiyo namba ya punguzo. Na anayekutumia meseji kwamba anayo, halafu akaomba umsomee namba za uthibitisho zilizoingia kwenye simu yako, anachukua akaunti yako.

Natoka kazini Posta saa 11 na nusu jioni kwenda Mbezi Beach. Bei inakuwa karibu mara mbili ya asubuhi. Nifanyeje? (Dada wa Mbezi Beach)

Bei hiyo ina sababu mbili na watu huzichanganya. Ya kwanza ni wingi wa wanaoita katika eneo moja kwa wakati mmoja. Hiyo hupanda na kushuka ndani ya robo saa, na hupangwa kwa maeneo: Posta inaweza kuwa juu wakati Upanga, hatua chache tu, imetulia. Fungua apu, usiagize, sogeza pini mtaa mmoja au miwili kuelekea unakokwenda, tazama namba inavyobadilika. Ikishuka, tembea mpaka pale. Usiache pini huko halafu wewe ukabaki ofisini. Dereva atafika, atasubiri, dakika za bure zitaisha, na kila dakika baada ya hapo inaingia kwenye bili yako.

Sababu ya pili ni foleni yenyewe, na hii kutembea hakuisaidii. Nauli inahesabu kilometa na dakika pamoja. Kwa namba zangu za mfano, safari ya dakika 35 ikigeuka ya dakika 80, umeongeza 4,500 kabla hata bei ya juu haijaguswa. Dawa ni saa. Toka saa 10, au kaa hadi saa 1 na nusu usiku. Au gawa safari: panda daladala mpaka Mwenge, hapo ndipo uite gari. Utakuwa umelipa foleni kwa nauli ya daladala, na apu umeilipa kipande kinachotembea.

Mvua ikiwa kubwa, swali linabadilika. Jangwani ikijaa maji barabara hufungwa na magari yote ya upande ule hutafuta njia moja. Siku hiyo hakuna ujanja wa apu, kaa ulipo.

Shikamoo mwandishi. Dereva akipokea anapiga simu: "Unaelekea wapi? Unalipa cash?" Nikisema kadi anasema "kanseli basi." Nakanseli, nakatwa pesa. Ni haki hiyo? (Kijana, Sinza)

Marahaba. Hukukatwa na dereva, umejikata mwenyewe.

Anayebonyeza kitufe cha kukanseli ndiye mfumo unamhesabia kosa. Dereva hataki kukanseli kwa sababu rekodi yake itaharibika, kwa hiyo anakusukumia wewe. Mjibu kwa adabu, "Kaka, kama huwezi, kanseli wewe," halafu usiguse kitu. Akiamua kukaa kimya bila kusogea, piga picha ya skrini inayoonyesha gari halitembei, subiri kidogo, ukanseli ukichagua sababu ya kwamba dereva hasogei au ameomba ukanseli. Sababu hiyo usiiruke, ndiyo itakayokutetea ukidai fedha yako irudi.

Kwa nini wanataka cash? Fedha ya kadi haimfikii pale pale, na yeye jioni ana hesabu ya mwenye gari na mafuta ya kesho. Kamisheni nayo, yaani asilimia ambayo kampuni ya apu inamkata dereva kwenye nauli, ni mgogoro wa siku nyingi. LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa nchi kavu, ilipoishusha hadi asilimia 15 mwaka 2022, Uber ilisimamisha huduma zake Aprili mwaka huo, ikarudi mwanzoni mwa 2023 baada ya ukomo kupandishwa hadi asilimia 25. Huo ndio msingi wa dereva kukuambia "tuma pesa kwenye namba yangu."

Namlaumu dereva kwa namna anavyokusumbua, simlaumu kwa kuhesabu. Lakini usikubali ile ya "kanseli tuelewane nje." Bei itashuka kwa 1,000 au 2,000, na kwa fedha hiyo umeuza kumbukumbu ya safari, uwezo wa kumtumia ndugu yako mahali ulipo, na mahali pa kulalamika ukisahau begi kwenye kiti cha nyuma. Usiku usifanye kabisa. Kama unajua utalipa cash, chagua cash tangu mwanzo. Simu za aina hii zitapungua sana.

Dereva hana chenji, nikamtumia kwa simu, akadai niweke na ya kutolea. Ni lazima? (Mama wa Tabata)

Si lazima, mama. Nauli ni ile iliyoandikwa. Ila dereva naye akitoa hiyo fedha kwa wakala anakatwa, na ugomvi wenu wa 500 utawachelewesha wote wawili. Kabla hujapanda muulize kama ana lipa namba, hapo lawama ya kutolea inapungua. Bora zaidi, tembea na noti ndogo. Nauli ya 7,500 ilipwe kwa elfu tano moja, elfu mbili moja na sarafu ya mia tano. Anayeshuka Kariakoo na noti ya elfu kumi kwa nauli ya 7,500, akaambiwa "sina chenji, iache tu," ameongeza theluthi nzima ya nauli kwa uzembe wake. Halafu ananiandikia kuuliza apu ipi ni rahisi.

Kwenye zile apu za kutaja bei mwenyewe, natoa 3,000 Sinza hadi uwanja wa ndege, hakuna anayenijibu. Madereva wana kiburi? (Msomaji, Sinza)

Wana hesabu. Hapo ni kama kilometa 15. IST ya cc 1300 kwenye foleni ya mji, tuipe kilometa 12 kwa lita. Hiyo ni lita moja na robo. Lita ikiwa 3,000, mafuta pekee ni 3,750. Umemwomba akuongezee 750 kutoka mfukoni mwake ili akupeleke.

Njia inayofanya kazi ni hii: fungua apu ya bei iliyopangwa, andika safari ile ile, soma namba. Toa asilimia 10 hadi 15, hiyo ndiyo bei yako ya kuanzia. Kaa dakika mbili, panda kwa 500. Wakijitokeza kadhaa, usichukue wa chini tu, tazama nyota, idadi ya safari alizofanya na umbali alipo. Anayekubali bei ya hasara mara nyingi ana mpango: atazima kiyoyozi, atapitia sheli kwanza, au mkifika atasema foleni ilikuwa kubwa, ongeza. Bei mliyokubaliana kwenye apu ndiyo bei, lakini nani anataka kubishana mlangoni na mizigo mkononi?

Gari au bajaji kutoka Mwenge hadi Makumbusho? (Mwanafunzi)

Bajaji. Makumbusho na Mwenge ni pua na mdomo, na gari lina nauli ya chini ambayo utailipa hata ukienda mita 800.

Tunapokea wageni wanne uwanja wa ndege, kila mmoja na sanduku kubwa. Gari moja litatosha? (Baba wa Segerea)

Halitatosha, na safari hii kosa si la pini. Magari mengi ya apu Dar sasa yanatumia gesi, na mtungi umelala kwenye buti. Ukifungua nyuma unakuta chuma cha mviringo kimekula nafasi yote, limebaki pengo la begi la mgongoni. Wanne wakikaa, sanduku hata moja halina pa kuingia. Dereva atasema yapakatwe, au atakanseli baada ya kulipia kuingia, na wewe utaanza upya bei ikiwa juu.

Agiza gari kubwa la watu sita, au mawili madogo, ulinganishe jumla. Dereva akipokea mwandikie mara moja: "Abiria wanne, masanduku manne, buti ina mtungi?" Akijibu ndiyo, bado yuko mbali na hakuna aliyepoteza. Na usiite gari ndege ikitua. Ita ukiwa umeshika sanduku la mwisho. Kati ya uhamiaji na mkanda wa mizigo zinaweza kupita dakika 40, na hakuna apu inayokusubiri bure muda huo.

Tozo ya daraja la Kigamboni nani analipa? (Msomaji, Kibada)

Abiria, kwa kuvuka mkiwa pamoja. Tazama kwanza kama apu imeshaiweka ndani ya nauli, ndipo utoe fedha mkononi. Kuna watu wanailipa mara mbili kila siku.

Nikisajili laini mpya kila mwezi nipate ofa ya mteja mpya, kuna ubaya? (Hakutaja alipo)

Mfumo unaitambua simu, si laini tu. Unaweza kufungiwa akaunti zote, ile ya zamani yenye nyota nzuri ikiwemo. Ofa halali zenyewe zisome mpaka mwisho: "asilimia 50" mara nyingi ina ukomo wa shilingi, ina tarehe ya kuisha, na inahusu aina moja ya gari. Ukichagua aina nyingine umeipoteza bila kuambiwa.

Apu ilionyesha 6,500, tulipofika ikasoma 9,200. Nililipa nikanyamaza. Nimeibiwa? (Dada, Mikocheni)

Labda. Bei ya mwanzo hudumu mradi safari ibaki ile ile. Ukibadilisha unakokwenda, ukiongeza kituo, ukimwambia dereva "pitia hapo dukani dakika moja," au mkizunguka mbali na njia iliyopangwa, mfumo unapiga hesabu upya. Kituo cha njiani kiweke kwenye apu kabla ya kuagiza, hapo utaiona bei yake.

Kama hukufanya lolote kati ya hayo, fungua orodha ya safari zako, gusa safari hiyo, utazame mstari wa njia kwenye ramani. Ukiona umepita nyumbani kwako ukaendelea, dereva alisahau kufunga safari. Ukiona mduara ambao hamkuuzunguka, ndilo dai lako. Ingia sehemu ya msaada ya safari hiyo hiyo, chagua tatizo la nauli, andika mistari mitatu: bei ya mwanzo, bei ya mwisho, na kwamba hukubadilisha kitu. Weka picha ya skrini ya bei ya kwanza. Kama huna, anza leo kuipiga kabla ya kubonyeza kitufe cha kuagiza. Na safari ijayo usishuke mpaka uone kwenye simu ya dereva kwamba safari imefungwa.