Umefika juzi tu, tulia kwanza: majibu ya maswali yenu

Msimu wa wanafunzi kwenda kujitolea nje umeanza na maswali yamejaa kama kawaida. Nimechukua machache. Ya "nibebe nguo ngapi" nimeyaruka, nimeshayajibu mpaka basi.

Tuna siku ya tatu hapa, hatujapewa kazi, ni vikao tu na kuzungushwa. Si tunapoteza muda?

Hampotezi, mnapunguza hasara. Siku za mwanzo wewe ni mzigo, usinune, hujui maji yanachotwa wapi, hujui nani anaamkiwa kwanza, kila ukitoka lazima mtu akusindikize na huyo mtu ameacha shughuli zake. Hapo hapo unataka brashi! Nilishaona kundi limepewa madirisha ya darasa wakapaka rangi mpaka kwenye bawaba na vioo, kesho yake hayafunguki hata moja, fundi akaja kukwangua na wembe, kimyakimya, wageni wasijisikie vibaya. Kaeni kwenye hivyo vikao, na muulize kitu kimoja: hii kazi tusingekuja sisi angeifanya nani, na angelipwa?

Naruhusiwa kuposti picha na watoto wa hapa?

Hapana. Mtoto wa dada yako ungekubali mgeni amposti kifua wazi? Basi.

Ratiba yetu ina siku mbili kituo cha yatima, tubebe zawadi gani?

Zawadi ndo umeona swali? Watoto wengi kwenye vituo vya namna hii duniani wana mzazi hai, mmoja au wote wawili, wamefikishwa pale na umaskini, na sehemu nyingine kituo kinahitaji kuwa na watoto ili wageni waje na wageni wakija hela inaingia, kwa hiyo watoto wanatafutwa. Hili siyo langu peke yangu, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa Desemba 2019 lilipitisha azimio la haki za mtoto likazitaka nchi zizuie madhara ya kujitolea kwenye vituo vya yatima. Halafu mtoto anakuzoea siku mbili unaondoka, wiki ijayo anaanza na mwingine. Mwambieni kiongozi wenu azifute hizo siku mbili, na kituo kinachomruhusu mtu yeyote aingie tu kubeba watoto bila kumchunguza ni cha kukimbia.

Naondoka keshokutwa, nikichanja homa ya manjano leo si inatosha?

Jamani, hili kila mwaka! Cheti kinaanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano. Mwenye cheti cha zamani kilichoandikwa miaka 10 asihangaike, tangu Julai 2016 ni cha maisha.

Mwenzetu analia usiku, hali chakula, anataka kurudi nyumbani. Tumwache aende?

Msiamue leo. Kama saa za huko mliko zinatofautiana sana na za nyumbani mwili wake bado uko kwao, kwa kawaida unahitaji kama siku moja kwa kila saa la tofauti, na kwenda mashariki ndo kunatesa zaidi. Atoke nje kwenye mwanga, asilale mchana kutwa, ale hata kidogo. Na apunguze kuongea na nyumbani kila baada ya nusu saa, mama akilia huku na yeye akalia kule hapaponi mtu. Ila akiwa na homa hiyo siyo upweke, hospitali siku hiyohiyo, hasa kama mko kwenye malaria.

Ajenti katuambia uhamiaji tuseme ni watalii, viza ya kujitolea ni ghali. Kuna shida?

Ipo, tena kubwa. Nchi nyingi kazi ni kazi hata kama hulipwi, na mkikamatwa mnarudishwa nyinyi, kwenye pasipoti zenu, yeye yuko ofisini kwake anapokea kundi lingine. Na ajenti anayewafundisha uongo wa dirishani, hebu mwombeni mchanganuo wa zile hela mlizomlipa, muone kijiji kimepata ngapi.