Maswali ya Wasomaji: Dawa za Nano na Ukuta wa Ubongo

SWALI: Mimi ni muuguzi wa wodi. Tumeanza kutumia AmBisome kwa wagonjwa wa homa ya uti wa mgongo inayoletwa na fangasi wa kriptokokasi. Tunaambiwa ni dawa ya nano inayopenya hadi ubongoni. Inapenyaje? Na kwa nini salaini (maji ya chumvi) imepigwa marufuku?

JIBU: Tuanze na salaini, maana hapo ndipo dawa huharibika kabla hata haijamfikia mgonjwa. AmBisome ni amfoterisini B, dawa ya kuua fangasi, iliyoshikiliwa kwenye utando wa liposomu, vipovu vya mafuta visivyofika nanomita 100 kwa upana (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Ikikutana na chumvi, dawa inaweza kujitenga na kutuama. Kwa hiyo unga wa kila kichupa cha miligramu 50 uyeyushe kwa mililita 12 za maji ya sindano, utikise papo hapo kwa nguvu kwa sekunde 30. Ukitikisa kivivu, mabonge yatabaki. Utapata miligramu 4 kwa mililita. Ipitishe kwenye chujio la mikroni 5 ikiingia kwenye dekstrosi (maji ya sukari) ya 5%, na mchanganyiko wa mwisho uwe kati ya miligramu 0.2 na 2 kwa mililita. Mgonjwa wa kilo 50 anayepewa miligramu 10 kwa kilo atahitaji vichupa 10. Nusu lita ya dekstrosi inatosha. Kama mrija ulipitisha salaini, usafishe kwanza kwa dekstrosi.

Dozi hiyo ni moja tu, pamoja na dawa nyingine mbili za fangasi: flusitosini miligramu 100 kwa kilo kwa siku na flukonazoli miligramu 1200 kwa siku, zote mbili kwa siku 14. Utaratibu huu ulipimwa katika utafiti wa AMBITION uliofanyika Uganda, Malawi, Botswana, Zimbabwe na Afrika Kusini: ndani ya wiki 10 walifariki 24.8%, dhidi ya 28.7% kwa tiba ya awali. Shirika la Afya Duniani liliupendekeza mwaka 2022.

Kuhusu kupenya hadi ubongoni, msizidishe sifa zake. Seli za mishipa midogo ya ubongo zimebanana, ndio ukuta wa ubongo, na liposomu hazina ufunguo wa kuzipita. Katika majaribio ya sungura, AmBisome iliacha dawa nyingi zaidi kwenye nyama ya ubongo kuliko aina nyingine za amfoterisini, lakini kwenye maji ya uti wa mgongo ilikuwa kidogo. Faida yake kubwa ni kwamba haiumizi figo kama ile ya kawaida, hivyo mgonjwa anastahimili dozi kubwa kwa mara moja. Presha ya kichwa haishushi: maji ya uti wa mgongo bado yatolewe kwa sindano presha ikifika sentimita 25 za maji.

SWALI: Mbona dawa za saratani ya ubongo hazifungwi kwenye chembe za nano hivyo zikapita?

JIBU: Kufunga peke yake hakutoshi. Chembe ndogo kuliko nanomita 6 hivi hutoka kwa mkojo. Zinazozidi 200 hunaswa na ini na bandama. Za katikati nazo zinahitaji kitu juu yake kinachotambuliwa na vipokezi vya mishipa. Jörg Kreuter na wenzake, Ujerumani, walizipaka polisobeti 80, kemikali inayofanya kazi kama sabuni. Zikiwa kwenye damu huvutia apolipoprotini E, protini inayobeba mafuta kwenye damu, na seli huzibeba zikidhani ni mafuta ya kawaida. Wengine hutumia kingamwili zinazoshika kipokezi cha transferini, protini inayobeba madini ya chuma. Hapo kuna mtego: kingamwili ikishika kwa nguvu mno, haiachii upande wa pili, na seli huimeng'enya humo humo ndani.