Daktari wa asubuhi ndiye wa jioni?

SWALI: Shikamoo shangazi. Mama yangu ana miaka 67, anaumwa goti. Asubuhi hospitali ya serikali tuliambiwa foleni imejaa, turudi jioni kliniki ya kulipia, jengo hilohilo. Tukamkuta daktari yuleyule! Hii si rushwa?
Mwanao wa Mbagala

JIBU: Marahaba mwanangu. Kliniki yenyewe si rushwa. Hapa Tanzania, sheria ya 1977 ilipiga marufuku tiba binafsi ya biashara; 1991 ikalegezwa. Kwa mishahara ile midogo ya serikali, madaktari bingwa wakawa mchana hawaonekani wodini, wako kwenye hospitali za watu binafsi. Ndipo hospitali za umma zikafungua huduma za kulipia humohumo ndani, hospitali ipate chake na daktari chake. Mimi naona afadhali hivyo kuliko kumtafuta bingwa mtaa kwa mtaa.

Ila kukusukumia jioni kwa makusudi, hapana! Angalia pesa zinapopita. Malipo halali yana namba ya kumbukumbu ya malipo na risiti. Ukiambiwa "nitumie kwenye simu yangu", au noti ikunjwe ndani ya kadi ya kliniki, piga 113, TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, bure.

Na mama asiuze kuku wake kwanza. Sera ya afya inawasamehe gharama wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Nendeni asubuhi ofisi ya ustawi wa jamii hapo hospitalini, mkiwa na kitambulisho chake na barua ya serikali ya mtaa.