Shilingi na faranga ya Burundi hazikuwa sawa enzi za wazee

Hapana kaka, wanayosema watu kwamba shilingi ya Tanzania na faranga ya Burundi zimekuwa "shilingi moja faranga moja tangu uhuru" si kweli. Shilingi yetu ilipoanza Juni 1966 ilikuwa 7.14 hivi kwa dola, na faranga ya Burundi wakati huo ilikuwa 87.50 kwa dola. Gawanya mwenyewe: shilingi moja ilikuwa na thamani ya faranga 12 na ushee. Mzee wa Kigoma aliyevuka mpaka wa Manyovu na noti ya shilingi mia alikuwa tajiri!

Kilichoziweka karibu ni kuporomoka kwa shilingi, wala si faranga kupanda. Kabla ya Juni 1986 dola ilikuwa kama shilingi 17, kisha serikali ya Mzee Mwinyi ikakubaliana na IMF (Shirika la Fedha la Kimataifa) na dola ikafika shilingi 40 kwa mkupuo. Faranga ilikuwa 115 hivi kwa dola, kwa hiyo shilingi moja ikashuka kutoka faranga 7 hivi hadi kama 3. Shilingi ikaendelea kuteremka, na kufikia 1990 faranga ikawa imetupita. Hao wanaosema "ni sawa tu" nadhani wanakumbuka miaka ya 2000, ambapo kweli zilikuwa zinakaribiana.

Ila hizi ni bei za benki kuu. Miaka ya themanini mwanzoni hakuna aliyebadilisha kwa bei hiyo pale Kibirizi, Kigoma, magendo ilikuwa na bei yake, na shilingi ilipata faranga chache zaidi. Hata leo ukienda mpakani, faranga ya mkononi si ile ya benki ya Bujumbura.