Kabla Hujafunga Shokapu za Mbele, Jua Breki Inashikwa na Nini

Wenye pikipiki za zamani za motokrosi, na wenye ndugu zake za barabara za vumbi kama Yamaha DT175, hutuletea hapa Mbeya ombi la namna moja: shokapu nyembamba za mbele zitolewe, zifungwe nene za miaka ya 1980. Ombi hilo lina maana, kwa sababu mwendo wa shokapu za motokrosi, yaani umbali ambao shokapu inaweza kubonyea, uliongezeka kutoka takribani sentimita 18 mwanzoni mwa miaka ya 1970 hadi karibu sentimita 30 muongo mmoja baadaye, na Honda CR250R ya mwaka 1984 ilikuwa tayari na breki ya disiki mbele. Hata hivyo, wewe unayeanza kazi hii, usifungue nati hata moja kabla hujaielewa breki.

Katika breki ya dramu, breki shuu (vipande vilivyopinda vinavyosugua) zikibana habu, yaani kitovu cha gurudumu, sahani inayozibeba hutaka kuzunguka pamoja na gurudumu. Kinachoizuia, katika pikipiki nyingi, ni ulimi wa chuma uliotokeza kwenye mguu wa shokapu na kuingia katika mfuo wa sahani hiyo. Nilipokuwa bado najifunza, nilifunga shokapu za pikipiki nyingine zenye ulimi mfupi, ambao kwa macho ulionekana umeingia sawasawa. Nikiteremka kutoka upande wa Chunya, sahani iliruka ulimi, ikazunguka na kuvuta waya wa breki, gurudumu likajifunga, nami nikavunjika mfupa wa bega. Nilipoifungua baadaye nilikuta kwenye ukingo wa mfuo mkwaruzo unaong'aa, upana wake kama ukucha: ulimi ulikuwa umeshika hapo tu. Tangu siku ile hupaka grisi kwenye ulimi, nikafunga gurudumu, kisha nikalitoa tena ili nione grisi imefika kina gani ndani ya mfuo.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba shokapu, vishikio vyake vya juu na chini, ekseli, gurudumu na breki vitoke katika pikipiki moja. Ukienda kutafuta sokoni Mwanjelwa, beba venia (kipimo cha chuma cha kupimia unene) pamoja na vipimo vya beringi za stelingi na urefu wa mhimili wake, ule unaopita katika shingo ya fremu. Mhimili usipolingana na fremu, mara nyingi unaweza kutolewa kwa presi na kuwekwa ule wa zamani, lakini usiuchomelee kamwe.

Shokapu ndefu huinua pua ya pikipiki na kufanya stelingi iwe nzito kugeuka. Ili kuishusha, unaweza kupandisha mirija ya shokapu ndani ya vishikio, pande zote mbili kwa kipimo kimoja, ila kwanza toa springi, egemeza injini juu ya kreti, ukandamize shokapu mpaka mwisho: tairi lisiguse madigadi, kishikio cha chini wala bomba la moshi. Geuza stelingi kushoto na kulia uone kama mirija inagonga tangi, na mpira wa breki usikazike shokapu zinaponyooka kabisa.

Kwa disiki, masta silinda (pampu ya breki iliyo kwenye usukani) itoke pamoja na kalipa yake, ile inayobana disiki, kwa kuwa pistoni zisizolingana hufanya breki iwe ngumu kama jiwe au laini bila nguvu. Tumia maji mapya ya breki ya daraja la DOT 4 kutoka chupa iliyofungwa, kwani yaliyokaa wazi hunyonya unyevu, na unyevu huo ukichemka katika mteremko mrefu kama ule wa mlima Kitonga, mkono wa breki hufika mwisho bila kushika. Oili ya shokapu ipimwe kwa kimo, springi zikiwa nje, miguu yote miwili sawa.

Jaribu kwanza mahali tambarare, kwa mwendo wa mtu anayetembea. Baada ya siku moja ya kazi, kama umebakiza dramu, toa gurudumu utazame mfuo tena. Ukiona ukingo umeanza kung'aa upande mmoja, sahani inacheza, na pikipiki hiyo isitoke karakana.